Udongo wa mwaloni: shajara ya mradi wa kupima metali nzito

Wiki ya 1

Tumefika. Mwalo, yaani eneo la wachimbaji wadogo la kusaga na kuosha mawe ya dhahabu, uko chini ya mteremko. Juu kabisa kuna maduara (mashimo ya kuchimbia), katikati makarasha (mashine za kusagia mawe), chini yake mabirika na mbao za kuoshea mchanga, kisha vati tatu za sayanaidi karibu na kijito. Ng'ambo ya kijito ni mashamba. Ukisimama kileleni unauona mradi mzima kwa mara moja, na ndiyo sababu tulipapenda: jiwe, maji, vumbi na uchafu vyote vinateremkia upande mmoja. Jina la mahali silitaji, maana wenye mwalo walitupokea kwa sharti hilo.

Swali letu ni dogo. Udongo unaozunguka mwalo umebeba zebaki, aseniki, risasi na kadimi kiasi gani, na umbali gani? Kila moja ina mlango wake wa kuingilia. Zebaki huletwa na binadamu kwenye chupa ili ishikane na dhahabu. Aseniki ilikuwamo ndani ya mwamba tangu mwanzo, hasa kwenye asenopiriti, jiwe ambalo karibu nusu ya uzito wake ni aseniki na ambalo hupenda kukaa jirani na dhahabu. Risasi na kadimi huja na madini ya salfidi, yaani yenye salfa, kama galena na jamaa zake. (Wenye kemia watanikumbusha kwamba aseniki si metali kamili. Najua. Sumu yake haijali tunaiweka kundi gani.)

Mpango: vituo 60 kwenye gridi, kila kituo sampuli mbili kwa kina tofauti, sentimita 0 hadi 5 na 15 hadi 30. Halafu vituo 5 vya kulinganishia, kilomita mbili kutoka hapa, mahali pasipochimbwa. Hivyo vitano nilivichagua mwenyewe kwenye ramani kwa dakika kumi. Naandika jambo hili sasa kwa kuwa nataka likae hapa.

Wiki ya 2

Kuchimba kumeanza. Kila sampuli ni mikono mitano ya udongo ndani ya mita mbili, inachanganywa kwenye beseni la plastiki, inagawanywa, inatiwa mfukoni na kuandikwa lebo mbili, moja nje na moja ndani. Ya nje hufutika. Chepe ni ya chuma cha pua, inaoshwa kati ya kituo na kituo. Siku ya kwanza tulimaliza vituo sita tu, kwa sababu ya kuosha chepe.

Siku ya pili akaja mzee msimamizi wa mwalo, akasimama juu ya shimo letu, akatazama, akacheka.

"Mnachimba nini hapo?"

"Udongo, Mzee."

"Huo si udongo, mwanangu. Hicho ni kifusi cha duara la kwanza. Udongo uko chini ya magoti."

Tukashuka. Kwenye sentimita sitini hivi rangi ikabadilika ghafla, kutoka kijivu chenye vipande vya mwamba hadi wekundu laini uliojaa mizizi iliyooza. Kwa hiyo sehemu nzima ya kaskazini ya gridi, niliyoiita "udongo wa juu" na "udongo wa chini", ilikuwa kifusi kwa kifusi. Hakuna ramani ingenionyesha hilo.

Nikamwomba Mzee atutembeze. Tulizunguka naye asubuhi nzima, na nusu ya ninachokijua leo kimetoka kwenye matembezi yale. Nilimuuliza zamani walikuwa wakichomea wapi dhahabu, maana sasa wana mahali pamoja tu, nyuma ya kibanda cha mabati.

"Usitafute jiwe jeusi," akasema. "Tafuta kivuli. Nani atachomea juani?"

Basi tukatafuta vivuli. Mti mmoja mkubwa bado upo, wa pili umebaki kisiki, wa tatu hata kisiki hakipo ila yeye anajua uliposimama. Vituo vitatu, vyote nje ya gridi yangu nadhifu. Kuchoma ni kuipandisha zebaki ya kwenye donge lililoshikana na dhahabu juu ya nyuzi 357 za Selsiasi, inachemka, inakuwa mvuke, dhahabu inabaki. Sehemu ya mvuke hupoa na kuanguka jirani, sehemu husafiri mbali na upepo. Kwa makadirio ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, uchimbaji mdogo wa dhahabu ulitoa takriban asilimia 38 ya zebaki yote ambayo binadamu waliimwaga hewani mwaka 2015, kuliko shughuli nyingine yoyote. Hiyo asilimia 38 imeanzia chini ya vivuli kama hivi.

Gridi nimeivunja. Vituo 60 vimebaki 60, ila 22 nimevihamisha: kwenye vivuli, kwenye mfereji utokao mwaloni, na kwenye njia ya miguu inayotoka makarashani hadi kwenye nyumba.

Wiki ya 3

Wiki mbaya.

Fungu la kwanza, sampuli 34, lilipelekwa kwenye maabara inayotusaidia kukausha na kusaga. Fomu yangu iliandika "kausha". Fundi akakausha, kama anavyokausha udongo wa kila mtu: tanuri, nyuzi 105, usiku kucha. Kwa kupima unyevu, hiyo ni kazi safi kabisa. Kwa zebaki ni kuiaga. Zebaki huanza kutoka kwenye udongo hata kwenye joto la kawaida la chumba, sembuse usiku mzima tanurini.

Simlaumu fundi sana. Neno "kausha" niliandika mimi, bila joto wala muda. Nilichofanya ni kuchukua mabaki ya sampuli kumi kati ya zile 34 (tunashukuru tulibakiza nusu ya kila mfuko), nikayaanika kivulini kwenye karatasi, kisha nikaomba zipimwe pamoja na pacha zao zilizotoka tanurini. Kwenye sampuli za chini ya vivuli tofauti ilionekana wazi, zilizoanikwa zilikuwa juu kila mara. Kwenye sampuli za mfereji tofauti ilikuwa ndogo, na hilo lenyewe ni habari. Zebaki ya mfereji inaelekea haipo tena kama vitone vya metali, imeshajifunga na kitu, labda salfa au mboji. Ya kivulini bado ni zebaki huru, iko tayari kuruka.

Utaratibu mpya, umeandikwa kwa kalamu nene na kubandikwa mlangoni: kila sampuli inagawanywa mara tatu. Fungu la zebaki halikaushwi kwa moto kamwe. Fungu la unyevu linaenda nyuzi 105. Fungu la metali nyingine linaanikwa, halafu linachekechwa kwenye ungo wa milimita 2.

Wiki ya 5

Tumeazimwa kipimio cha mkononi cha eksirei kwa siku nne. Vijana wa mwalo wanakiita bastola, na kwa kweli kinashikwa hivyo. Unakibana kwenye udongo, unavuta kifyatuo, sekunde tisini baadaye kinakupa orodha ya elementi. Ni raha isiyo ya kawaida kwa mtu aliyezoea kungoja wiki tatu majibu ya asidi, yaani ya maabara inayoyeyusha udongo kwa asidi ndipo ipime.

Raha hiyo ina masharti yake. Udongo uliolowa hupunguza mionzi, na unyevu ukipita kama asilimia 20 namba zinaanza kudanganya kwa kushuka. Zebaki kidogo hakiioni, wala kadimi kidogo. Lakini kwa risasi, shaba, zinki na chuma kinafaa sana kwa kutafuta mahali pa kurudi.

Siku ya pili, nyuma ya chumba cha kupimia ubora wa dhahabu, bastola ikapiga kelele. Aseniki juu mno, risasi juu mno. Mwenzangu anayeshughulikia ramani akapaka doa jekundu akaandika "ASENIKI" kwa herufi kubwa. Tukaanza kuhadithiana habari za asenopiriti iliyosagwa na kumwagwa hapo.

Usiku sikulala vizuri. Mstari mkuu wa eksirei wa aseniki, yaani nishati ambayo kifaa kinaitambua nayo, uko kwenye kiloelektronivolti 10.54. Wa risasi uko 10.55. Kwa kipimio cha mkononi hiyo ni sauti moja. Programu ya kifaa hujaribu kuwatenganisha kwa kutazama mistari yao mingine, ila risasi inapozidi aseniki mara kumi au zaidi, namba ya aseniki haifai kuaminiwa. Na pale risasi ilikuwa imezidi.

Asubuhi tulirudi, safari hii tukitumia macho. Chini ya majani kulikuwa na lundo la vikombe vidogo vilivyovunjika, vizito kuliko ukubwa wake, vya rangi ya manjano chafu, pamoja na vipande vya kioo cheusi. Mpimaji wa chumba kile, kijana mpole, akatueleza bila kuficha: kupima dhahabu kwa moto maana yake ni kuyeyusha jiwe lililosagwa pamoja na oksidi ya risasi, soda na boraksi. Risasi inaikusanya dhahabu kwenye kitufe kimoja. Kitufe kinawekwa kwenye kikombe cha majivu ya mifupa, kinarudishwa tanurini, risasi inanywewa na kikombe, dhahabu inabaki juu kama punje. Kikombe kinatupwa.

"Kinatupwa wapi?"

"Hapo nyuma, kaka."

Kwa hiyo doa letu kubwa kuliko yote halikutoka kwenye mwamba. Lilitoka kwenye chumba cha vipimo. Sampuli tano zilizochukuliwa pale zimepelekwa kwenye asidi ili aseniki na risasi zihukumiwe kila moja peke yake. Neno "ASENIKI" kwenye ramani limefutwa, limewekwa alama ya kuuliza.

Wiki ya 6

Mvua. Hakuna kuchimba, mfereji umejaa.

Nimetumia siku hizi kusoma upya habari za Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, mwaka 2010. Jiwe la dhahabu la kule lilikuwa limejaa risasi. Watu walilisaga nyumbani, baadhi kwa mashine zilezile za kusagia nafaka, na vumbi likatanda uani ambako watoto hutambaa. Watoto zaidi ya 400 walikufa kabla na wakati madaktari wakigundua kinachowaua. Dawa ya kutoa risasi mwilini ilikuwepo, lakini kumtibu mtoto na kumrudisha kwenye ua uleule kulikuwa kazi bure, kwa hiyo vijiji vilibidi kukwanguliwa udongo wa juu na kumwagiwa udongo safi. Bagega, mojawapo ya vijiji hivyo, ilisubiri hadi 2013.

Ninachokichukua hapo kwa mradi wetu ni swali la ungo. Tunachekecha kwa milimita 2 kwa kuwa vitabu vya kilimo vinasema hivyo. Mtoto hali punje za milimita 2. Kinachonata kwenye kidole ni vumbi. Nimeongeza fungu la nne: ungo wa mikromita 250, kwa sampuli zote za njia ya miguu na za nyuma ya chumba cha vipimo.

Wiki ya 9

Majibu ya asidi yamefika. Sampuli ziliyeyushwa kwa maji ya kifalme, mchanganyiko wa asidi ya hidrokloriki na ya nitriki tatu kwa moja, ambao huyeyusha hata dhahabu yenyewe. (Mzee alipolisikia hilo aliuliza kama tumebakiza dhahabu yake. Nilimwambia ipo ndani ya chupa. Hakucheka.)

Nyuma ya chumba cha vipimo: risasi ni ya kutisha, aseniki ni ya kawaida tu kwa eneo hili. Bastola ilitusingizia. Hilo limekwisha.

Lakini kwingineko ramani ya aseniki imewaka yote. Vituo 60, na 51 vimepita kiwango. Tunatumia faharasa ya Müller ya mwaka 1969, namba inayoonyesha udongo umechafuka kiasi gani: unachukua kipimo chako, unakigawanya kwa kiasi asilia (cha mahali pasipochafuliwa) mara moja na nusu, halafu unatafuta logi yake kwa msingi wa 2. Sifuri kushuka chini ni safi, na kila namba nzima inayoongezeka ni maradufu ya uchafu. Mwenzangu alikuwa ameshaanza kuandika aya ya ufunguzi wa ripoti. Ilikuwa aya nzuri.

Mimi niliganda kwenye safu ya kina. Kama mwalo ndio ulioleta aseniki, basi juu iwe nyingi na chini iwe chache. Zebaki inatii kanuni hiyo bila shaka: sentimita tano za juu imejaa, sentimita thelathini karibu haipo. Aseniki haitii. Juu na chini ni sawa, na kwenye vituo kadhaa chini ni zaidi. Hata ule udongo mwekundu wenye mizizi, uliofunikwa na kifusi cha duara la kwanza kabla mtu yeyote hapa hajasaga jiwe, una aseniki kama wenzake.

Nikarudi kwenye vile vituo vitano vya kulinganishia, vya dakika kumi. Nikaweka ramani ya miamba juu ya ramani yetu. Vyote vitano viko kwenye matale, yaani graniti. Mwalo wetu uko kwenye mwamba wa kijani kibichi wa volkeno ya kale, ule ambao wachimbaji huufuata kwa sababu dhahabu imo humo, na aseniki imo humo pia. Nimepima urefu wa mtu kwa rula ya kabila jingine, halafu nikamwita jitu.

Na faharasa haisamehe kosa la namna hiyo. Ukiweka kiasi asilia kuwa nusu ya kilivyo kweli, kila kituo kinapanda daraja zima. Ukikiweka kuwa robo yake, kinapanda mawili. Haijalishi umechimba kwa uangalifu kiasi gani, umeosha chepe mara ngapi. Nimewahi kusoma ripoti nyingi zinazosema udongo wa eneo la dhahabu "umechafuliwa vikali na aseniki" zikilinganisha na wastani wa gamba la dunia, ambao ni miligramu chache tu kwa kilo. Wastani wa dunia! Dhahabu inachimbwa mahali ambapo dunia haiko kwenye wastani, ndiyo maana inachimbwa hapo.

Tumeanza upya kwa vituo 8 vya kulinganishia: mwamba uleule, upande wa juu wa upepo, juu ya maduara yote, chini ya nyasi ambazo Mzee anaapa hazijawahi kuguswa na sururu. Mzee alikuwa nasi kwenye kila kimoja.

Wiki ya 11

Majibu ya vile vinane. Aseniki asilia ya hapa iko juu kuliko ya matale kwa mbali. Faharasa ikapigwa upya, vituo 51 vikawa 14. Mwenzangu alifuta aya yake bila kusema neno, akaenda kuosha mikono.

Sasa hatari ni kuteleza upande wa pili, tukasema "basi ni asili, tuondoke". Vile 14 vilivyobaki viko mahali pa kueleweka: makarashani, kwenye lundo la marudio (mchanga unaobaki baada ya kuoshwa dhahabu), na kando ya mfereji. Karasha haliumbi aseniki. Linavunja jiwe lililokuwa limefumba mdomo kwa mamilioni ya miaka na kulifanya unga. Unga unakutana na hewa na maji, salfidi inaungua polepole bila moto, inatoa asidi ya salfa, aseniki inafunguka. Jumla ya aseniki inaweza kubaki ileile huku sehemu inayotembea ikiongezeka mara nyingi.

Kwa hiyo tumeacha kuuliza "ni kiasi gani" peke yake, tumeanza kuuliza "ni kiasi gani kinachong'oka". Sampuli 20 zinapitishwa kwenye uchujaji wa hatua kwa hatua: kwanza asidi dhaifu ya asetiki, ambayo huchukua kilichoshikilia kwa ncha za vidole, halafu kemikali ya kufumua oksidi za chuma na manganizi, halafu ya kuchoma mboji na salfidi, mwisho asidi kali kwa kilichokwama kwenye mawe.

Picha inayotoka ni hii. Juu, kwenye udongo mwekundu, aseniki imeshikwa na kutu ya chuma, imetulia. Chini, mahali pa tope karibu na kijito, pH (kipimo cha asidi) ni nzuri tu lakini hewa hakuna. Tope lisilo na hewa huyeyusha ile kutu, na kutu ikiyeyuka aseniki inaachiwa. Kadimi na zinki zina kisa chao: zinalegea kwenye kipande kimoja kidogo chini ya lundo la marudio, ambako pH imeshuka hadi kati ya 3 na 4. Ukikipita kipande hicho kwa mita thelathini huzioni tena.

Zebaki ndiyo iliyonishangaza. Mfereji unaotoka kwenye vati una zebaki mbali kuliko mfereji unaotoka mwaloni, ingawa kwenye vati hakuna anayetumia zebaki. Jibu liko kwenye mchanga wanaoujaza. Ni marudio ya mwalo, yaliyokwisha kupitishwa zebaki, sasa yanalowekwa kwenye sayanaidi ili kutoa dhahabu iliyobaki. Sayanaidi haichagui. Inayeyusha dhahabu na inayeyusha zebaki pia, na zebaki iliyokuwa kitone kizito kilichozama mahali pake inakuwa kitu kinachosafiri na maji. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, uliopitishwa 2013 na kuanza kutumika 2017, unataja jambo hili wazi miongoni mwa mazoea manne ya kukomeshwa, pamoja na kuweka zebaki kwenye jiwe zima bila kulichambua kwanza, kuchomea hewani, na kuchomea kwenye makazi. Mwalo wetu una matatu kati ya manne.

Wiki ya 13

Kikao na watu wa mwalo, chini ya ule mti mkubwa. Nilisita kuwakalisha hapo kwa sababu ya zebaki iliyo ardhini, tukahamia upande wa pili wa barabara, na kule kuhama kukawa maelezo tosha kuliko michoro yangu yote.

Niliwaeleza kwa mafungu matatu. Aseniki nyingi ya hapa mmeikuta, ila mnaichokoza makarashani. Zebaki mmeileta, na inakaa juu juu, kwenye vivuli na mifereji. Risasi iko mahali pamoja, mnaweza kuizoa kwa mikokoteni.

Mama mmoja anayeokota mawe karibu na makarasha aliuliza swali ambalo sikuwa nimeliandaa: "Mwanangu, watoto wangu wanapita kule nyuma kwenda kuteka maji. Wewe ungewapitisha?" Nikasema hapana. Majibu ya ungo wa mikromita 250 yalikuwa yamefika asubuhi hiyo: vumbi la njia ile lina risasi nyingi kuliko udongo uleule uliochekechwa kwa milimita 2. Risasi inapenda unga mwembamba, na unga mwembamba unapenda mikono. Marekani ilikuwa ikitumia miligramu 400 kwa kilo kama alama ya tahadhari kwa udongo wa makazi, na Januari 2024 ikaishusha hadi 200. Pale nyuma tumeipita ile ya zamani, si ya mpya tu.

Kabla ya jua kuzama njia ilikuwa imezibwa kwa miiba na nyingine imefyekwa upande wa juu. Hakuna aliyesubiri ripoti.

Kijana mpimaji akajitolea kukusanya vikombe kwenye pipa lenye kifuniko. Kuhusu retoti, chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke wa zebaki na kuurudisha kuwa kimiminika, mabishano yalikuwa marefu. Wanasema inachelewesha na dhahabu inatoka na rangi mbaya. Wachomaji wawili wamekubali kujaribu. Wa tatu alisema ataona kwanza.

Wiki ya 16

Majaribio ya kutibu udongo, kwenye ndoo, si shambani. Ndoo 24, udongo wa aina tatu, dawa nne na moja isiyo na dawa, zikinyweshewa maji sawa huku maji yanayotoka chini yakikingwa.

Chokaa kwenye udongo wenye asidi: kadimi na zinki zimeshuka kwenye maji ya chini ndani ya wiki mbili. Tulitarajia hivyo. Ila kwenye ndoo mbili tulizozidisha chokaa, aseniki ilianza kupanda. Nayo tulipaswa kuitarajia, kwani aseniki huachia pH inapopanda, kinyume na ndugu zake.

Fosfati kwenye udongo wa nyuma ya chumba cha vipimo ndiyo iliyonipa moyo. Risasi na fosfati hufunga ndoa isiyovunjika kirahisi, madini yaitwayo piromofiti, ambayo hata asidi ya tumbo huyashinda kwa shida. Kisha tukatia fosfati ileile kwenye udongo wa makarashani, wenye aseniki. Aseniki ikamwagika. Fosfati na aseniki hugombea kiti kimoja kwenye kutu ya chuma, na fosfati ikija kwa wingi inamsukuma mwenzake nje. Kwa hiyo mbolea ya fosfati inayoponya doa moja inatia sumu doa lililo umbali wa mita 80. Ndiyo faida ya kuifuta ile "ASENIKI" kwenye ramani kwa wakati, maana tungeibakiza tusingethubutu kutumia fosfati mahali inapofaa.

Mboji peke yake haikufanya lolote la kuandika. Kutu ya chuma, iliyokwanguliwa kwenye vyuma chakavu vya karasha na kusagwa, imeshika aseniki vizuri ilimradi ndoo haikutuamisha maji.

Kuna aliyenishauri kupanda Pteris vittata, ule mmea wa jamii ya kangaga ambao watafiti wa Florida walionyesha mwaka 2001 kwamba hunyonya aseniki na kuirundika kwenye majani. Naupenda sana. Lakini kwenye udongo ambao aseniki yake ni ya mwamba wenyewe, hadi chini usikoona mwisho, utavuna majani yenye sumu kila mwaka na usimalize, halafu utahitaji mahali pa kuyatupa. Nyasi za vetiva tutapanda kwenye lundo la marudio, si kwa kunyonya, kwa kushika vumbi na mmomonyoko tu.

Wiki ya 19

Lundo la vikombe limezolewa, pamoja na udongo wake sentimita 20 kwenda chini, limewekwa kwenye mapipa yaliyozibwa na kuandikwa. Bastola imeazimwa tena kwa siku moja: chini ya sentimita 20 risasi imeshuka hadi karibu na ya jirani, isipokuwa pembe moja ambako inaonekana walichimba shimo la taka zamani. Pembe hiyo itachimbwa zaidi wiki ijayo.

Mchomaji wa tatu amekuja kuuliza retoti inapatikana wapi.

Marudio bado yanapelekwa kwenye vati yakiwa na zebaki yake. Nimempa mwenye vati sampuli mbili kwenye chupa za kioo, maji ya kabla na ya baada, na karatasi yenye namba. Ameziweka dirishani kwake. Anasema atanijibu.

Vituo 8 vya kulinganishia vimepigwa nguzo za zege ili atakayekuja baada yetu asichague vyake kwa dakika kumi. Nguzo ya tano imeegama, Mzee ameahidi kuinyoosha.